Meza Yenye Kikomo

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja kunisalimu, simu mkononi. Dada yangu alipokwenda jikoni, kijana akanisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mjomba, wewe ulikaa Marekani, mchezo huu wa karata za poka waujua. Kipi bora, kucheza bila kikomo au kwa kikomo?" Nilimwambia anyamaze kwanza, maana mama yake ana masikio makali. Lakini swali lake ni la haki, na jibu nililinunua kwa bei ghali. Basi naliandika hapa, na dada yangu naye akisoma, asome tu.

Nilifika California mwaka 2004. Kazi yangu ilikuwa kuwatunza wazee, kuwaogesha na kuwageuza kitandani, zamu ya usiku. Karibu na mji wa Los Angeles ziko nyumba za karata zenye kibali, pana kama soko, na taa zake hazizimwi. Siku zile watu walikuwa wameshikwa na wazimu wa poka. Mwaka 2003 mhasibu mmoja wa Tennessee, Chris Moneymaker (hilo ni jina lake la ukoo, wala mimi sifanyi mzaha), alilipa dola 86 katika mchujo wa intaneti, akapata nafasi katika mashindano makuu ya Las Vegas, akatoka huko na dola milioni 2 na nusu. Alishinda kwa mchezo wa bila kikomo. Basi kila mpagazi na kila dereva alitaka meza ya namna hiyo, nami nikiwamo.

Kwa wasioujua, mchezo wenyewe huitwa Texas hold'em. Mwaka 2007 Bunge la Texas liliutambua mji mdogo wa Robstown kuwa ndiko ulikozaliwa. Kila mchezaji hupewa karata 2 za siri. Kisha mgawaji hufunua mezani karata 3, halafu 1, halafu 1 ya mwisho. Hizo 5 ni za wote. Mwenye mkono bora wa karata 5 katika hizo 7 huchukua fungu la katikati. Dau huwekwa mara 4: kwanza kabla ya kufunua, kisha baada ya kila ufunuo.

Tofauti yote iko katika dau. Bila kikomo, waweza kusukuma katikati fedha zako zote zilizo mezani, saa yoyote. Kwa kikomo, dau limepangwa. Katika meza ya 4 na 8, awamu mbili za kwanza dau ni dola 4, mbili za mwisho ni dola 8, na kuongeza ni mara 3 tu kwa kila awamu. Hata mkipandishiana mpaka juu kabisa kila mara, mkono mmoja hauwezi kukutoa zaidi ya dola 96.

Mwaka mzima nilicheza bila kikomo, nikajiona hodari. Mwenzangu akisitasita, namsukumia rundo. Anatupa karata, nami nakusanya. Usiku mmoja wa Januari 2006 nilikaa na dola 600, ada ya binti yetu. Nilitaka kuiongeza kidogo tu kabla ya kuituma. Nikapata wafalme wawili. Nikasukuma zote. Mbele yangu alikuwa mama mmoja mtu mzima, wa umri wa mama yangu, na kikombe chake cha chai. Alifikiri kwa muda wa kumeza mate, akalipa, akafunua ree mbili. Karata za mezani hazikunisaidia kitu. Haikuchukua hata dakika mbili.

Asubuhi nilimpigia simu mke wangu nikamwambia kazini wamechelewesha mshahara. Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, baba watoto." Binti alirudishwa nyumbani, akakaa wiki tatu.

Hapo ningaliacha. Sikuacha. Nilihamia meza ya kikomo, nikijiambia kwamba sasa nimepata busara.

Juma la kwanza nilidhani nimeketi na wendawazimu. Ninashika ree mbili, naweka dola 8, na mzee mwenye karata mbovu anatabasamu na kulipa. Kila mkono walikuwapo watu wanne, watano, mpaka mwisho. Nilikasirika. Kumbe mzee alikuwa na haki, nami ndiye nisiyejua hesabu. Tuseme amebakiza karata moja tu apate tano za rangi moja, yaani za kopa zote. Karata asizoziona ni 46, na 9 katika hizo zinamfaa. Katikati ziko dola 40, nami nimeweka 8. Analipa 8 apate 48, sita kwa moja. Na bahati yake ni kama moja kwa nne. Alipe kwa nini asilipe? Kule bila kikomo ningaliweka dola 40 zote, naye angalilipa 40 apate 80, mbili kwa moja tu, biashara ya hasara. Ningalimfukuza. Hapa kumfukuza haiwezekani.

Ndipo nilipojitambua. Ule uhodari wangu wa mwaka mzima haukuwa wa kuzijua karata. Nilikuwa nawatisha watu, basi. Nilipoondolewa fimbo ya kutishia, nilibaki mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Nikaanza kujifunza upya. Kuchagua karata mbili nzuri tangu mwanzo na kutupa nyingi, bila uchungu. Kuongeza dau nikiwa na mkono bora, hata kama hakuna atakayeogopa. Na jambo gumu kuliko yote, kutojifanya shujaa wa kutupa karata mwishoni: fungu likiwa na dola 80 nawe wadaiwa 8, ukipatia mara moja tu katika 11 hujapoteza kitu. Nikanunua daftari, nikaandika kila usiku: saa ngapi, kiasi gani. Hasara yangu kubwa kuliko zote katika usiku mmoja ilikuwa dola 240. Nilianza pia kutuma ada kabla ya kwenda mezani, si baada.

Lakini daftari halina haya. Mwisho wa mwaka lilisema saa 410, hasara dola 1,900. Nilishangaa, maana wenzangu nilikuwa nawashinda. Ndipo nikaangalia kidogo cha mgawaji. Pale nilipocheza, kila mkono mgawaji aliondoa dola 5 za nyumba. Kwa saa moja hugawa mikono kama 30: dola 150. Tukiwa watu 9, kila mmoja anatozwa zaidi ya 16 kwa saa, yaani madau mawili makubwa. Kwa saa 410 nyumba ilikuwa imechukua fungu langu la zaidi ya dola 6,500. Bila kikomo nilianguka kama mnazi. Hapa nilikuwa naliwa na mchwa.

Haya nilimweleza mpwa wangu, naye akasema kwenye simu hakuna mgawaji. Nikamjibu, kato lipo palepale, ila halina mkono wa kuonekana. Nikamwambia pia kwamba mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza programu ya kompyuta inayoucheza mchezo wa kikomo wa watu wawili vizuri kiasi kwamba binadamu akishindana nayo maisha yake yote hawezi kuthibitisha kuwa ameishinda. Naye hajui ni nani yuko upande wa pili wa kioo chake.

Akaniuliza niliacha lini. Nilirudi likizo mwaka 2008, nikamkabidhi mke wangu daftari, nikamwambia ukweli wa ule mshahara uliochelewa. Nilikuwa tayari kwa kilio, au matusi. Aliisoma kurasa kwa kurasa, kidole chake kikifuata mistari, akapita zile dola bila kusimama. Akaja kwenye saa. Akazijumlisha mwenyewe kwa kalamu ya mtoto, pembeni, kisha akaniuliza ni kwa nini wakati ule nilikuwa nikimwambia sina nafasi ya kupiga simu.