Amri Inayouliza

Nilipomaliza kidato cha nne katikati ya miaka ya tisini nilipata kibarua katika ofisi ya kupiga taipu mjini Embu. Wakati huo Embu ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, na mji wenye ofisi za serikali haukosi karatasi: maombi ya kazi, malalamiko ya mashamba, barua za kwa mkuu wa mkoa, kumbukumbu za vyama vya ushirika vya kahawa. Kiswahili na Kiingereza vilipita kwenye taipureta bila matata. Matata yalianza mtu alipoleta kazi ya Kiembu.

Kiswahili kina irabu tano. Kiembu na Kimeru zina saba, na zile mbili za ziada huandikwa kwa kuweka kiwimbi juu ya i na u: ĩ, ũ. Taipureta zetu hazikuwa na kiwimbi. Tulichapa ukurasa mzima, tukauchomoa, kisha tukashika kalamu ya wino mweusi na kuchora viwimbi kimoja kimoja. Ratiba ya mazishi ya kurasa chache tu ingeweza kumaliza mchana wote. Mwenye ofisi alitoza kurasa za Kiembu bei ya juu, na wateja hawakuteta, maana walikaa pale kwenye benchi wakituona tukichora.

Kompyuta zilipofika tulidhani kalamu imestaafu. Wapi! Seti ya herufi iliyoenea zaidi siku hizo, Latin-1, ilikuwa na kiwimbi juu ya a, n na o tu, kwa kuwa Kihispania na Kireno ndizo zilizofikiriwa. Kichekesho ni kwamba seti nyingine ya jamii hiyohiyo, Latin-4, iliyotungwa kwa ajili ya lugha za Ulaya ya kaskazini na Greenland, ilikuwa nazo ĩ na ũ zote mbili. Lakini nani Embu angekuwa na kompyuta iliyopangwa kwa ajili ya Greenland? Watu wakaazima kofia: wakaandika î na û, herufi zilizopatikana kirahisi. Mpaka leo utakuta maandishi mengi ya Kiembu na Kikuyu yamevaa kofia mahali pa viwimbi.

Ni rafiki aliyesomea Nairobi aliyeniletea Emacs, ikiwa kwenye CD iliyoandikwa kwa kalamu ya rangi. Ni kihariri matini kilichoanza mwaka 1976 katika maabara ya akili bandia ya MIT, Marekani, mikononi mwa Richard Stallman na Guy Steele. Hiki tunachokitumia sasa, GNU Emacs, kilitoka mwaka 1985. Sura yake haikuvutia. Hakuna aliyepita dirishani akasema, nami nataka hiyo.

Kilichonikamata ni ugunduzi mmoja. Ukibonyeza Ctrl na h, kisha k, halafu kitufe chochote, Emacs inakwambia kitufe hicho kinaendesha amri gani na amri hiyo inafanya nini. Nilijaribu kitufe cha a. Hata a ni amri! Ina jina lake, self-insert-command, na kazi yake ni kuingiza herufi iliyobonyezwa. Basi kumbe hakuna kitu humo kilichofungwa. Kila kitufe ni amri, na amri yoyote naweza kuiandika upya, au kuandika mpya kabisa na kuipa kitufe chake. Tena maelezo yote yalikuwa ndani ya programu yenyewe. Saiba walilipisha kwa dakika, nami nilijifunzia ofisini jioni, bila intaneti, mpaka stima ipotee.

Amri yangu ya kwanza ilikuwa ya mistari michache ya Lisp, lugha ambayo sehemu kubwa ya Emacs imeandikwa kwayo. Niliiita ondoa-kofia. Unafungua kwa defun na jina, unaweka neno interactive ili amri iweze kuitwa kutoka kwenye kibodi, kisha unaeleza kazi: nenda mwanzo wa faili, tafuta kila î uweke ĩ, tafuta kila û uweke ũ, halafu mrudishe mwandishi pale alipokuwa. Hilo la kurudisha kishale mahali pake lina maneno yake, save-excursion, na nililipenda kuliko yote. Mtu anayechapa hukasirika sana akikuta mashine imemhamisha.

Ya pili ilitokana na vyama. Kila kikundi cha akina mama, kila sako, kila kamati ya maji huandika kumbukumbu za mkutano kwa mpangilio uleule: waliohudhuria, waliotuma udhuru, maombi ya kufungua, yatokanayo, mengineyo. Dada aliyekuwa akizichapa aliweza kuzipanga huku akipiga gumzo. Nilimwomba anieleze hatua zake, akashindwa. "Wewe kaa hapo uangalie tu," akasema. Nikakaa. Niliona kwamba kila azimio linapewa nambari na mwaka. Kwamba mweka hazina hutajwa baada ya katibu. Kwamba mtu akifika amechelewa anabaki kwenye orodha ya waliohudhuria. Yeye mwenyewe hakujua kwamba anazifuata kanuni hizo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kutunga amri ni nusu Lisp na nusu kumtazama mtu akifanya kazi.

Baadaye nilihamia Meru, kupitia barabara ile ya makona inayotoka Embu, ikapita Runyenjes, Chuka na Nkubu. Nilifanya kazi katika duka la uchapaji lililopata oda nyingi za makanisa. Tulipewa kijitabu cha nyimbo chenye faharasa ya mistari ya kwanza. Emacs ina amri ya kupanga mistari kialfabeti, lakini inapanga kwa nambari za herufi, na nambari ya ĩ iko mbali, baada ya z. Nyimbo zote zilizoanza kwa ĩ na ũ zilitupwa mwisho wa faharasa, mahali ambapo mwimbaji hangefikiria kuzitafuta. Nikaandika amri ya kupanga upya, inayohesabu ĩ kama i na ũ kama u wakati wa kulinganisha tu, bila kugusa maandishi.

Mwaka 2009 ulileta mambo mawili kwa pamoja. Nyaya za baharini zilifika Mombasa, na bei ya intaneti ikaanza kupumua hata kwetu mlimani. Mwaka huohuo likatoka toleo la 23 la Emacs, lililotumia Unicode, seti ya herufi iliyokusudiwa lugha zote, kama msingi wake wa ndani, na ĩ na ũ zikawa herufi za kawaida kama nyingine. Likazuka tatizo jipya. Katika Unicode, ĩ inaweza kuwa herufi moja kamili, au i ikifuatwa na kiwimbi kinachojibandika juu yake. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa mashine ni viwili. Mteja anatafuta neno analoliona kwenye skrini, kompyuta inamwambia halipo. Amri fupi ya kuziunganisha ikawa ya kwanza kuendeshwa kwa kila faili lililoingia dukani.

Amri hizi zote zilikuwa na jibu moja tu. Kofia ikitolewa kikaja kiwimbi, hakuna aliyedhurika. Kazi kubwa ya maisha yangu ilikuwa ile isiyo na jibu moja: maandishi yaliyochapwa bila alama yoyote. Wateja wengi waliandika hivyo, i na u tupu, wakitegemea msomaji ajijazie. Siku moja mzee mmoja, katekista wa miaka mingi, alileta kijitabu alichochapiwa mahali pengine. Mtu fulani alikuwa ameamuru mashine igeuze kila i na kila u kuwa na kiwimbi. Mzee alinisomea ukurasa kwa sauti, jinsi ulivyoandikwa, bila kucheka.

Shida yenyewe ni hii. Chukua muti na murimi. La kwanza, mti, ni mũtĩ: irabu zote mbili zina viwimbi. La pili, mkulima, ni mũrĩmi: irabu mbili za mwanzo zina viwimbi, ya mwisho haina. Yote mawili yanaishia i kwenye kibodi. Mashine haina masikio ya kuyatofautisha.

Kwa hiyo niliandika uliza-irabu. Inapita faili neno kwa neno. Neno likiwa kwenye orodha na lina umbo moja tu, inalirekebisha na kusonga. Likiwa na maumbo mawili, au halijulikani, inasimama, inaonyesha sentensi nzima, na kuuliza chini ya skrini: hili au hili? Jibu likitolewa linaingia kwenye orodha, ili swali hilo lisirudiwe pasipo sababu. Mwanzoni inauliza mno. Baada ya kurasa kadhaa inaanza kunyamaza.

Mzee aliketi kando yangu, nikabonyeza, akaamua. "Sivyo, mwanangu. Hiyo ni ya watu wa ng'ambo ya Thuci," angesema, yaani ng'ambo ya mto huo, upande wa Chuka. Kwa kauli hiyo alinipa mpango uliobaki wa programu. Orodha moja haikutosha. Kiembu na Kimbeere zina majirani wengi, na Kimeru chenyewe kina Kiimenti, Kitigania, Kiigembe, Kimwimbi na Kimuthambi. Kule Chuka na Tharaka utawakuta wanaokwambia wazi kwamba lugha yao si Kimeru. Nikafanya kila mahali pawe na orodha yake, na amri ikawa inaanza kwa swali: tunaandika ya wapi leo?

Siku hizi simu zina kibodi zenye ĩ na ũ, na vijana wanaandika kwa alama zaidi kuliko sisi. Kijana ninayemfundisha dukani aliniambia lile swali la "hili au hili?" limepitwa na wakati. Programu za kisasa zinaweza kukisia kila irabu kwa kusoma maneno ya jirani. Sikumpinga. Nilimwachia aandike sehemu ya kukisia, na ni nzuri: inapendekeza jibu kabla ya kuuliza, na mara nyingi mtu anabonyeza kitufe cha kukubali tu. Nilichokataa ni kuondoa kituo. Mashine inapokisia kimyakimya, inaelekea upande wenye maandishi mengi, na hapa kwetu maandishi mengi ni ya Kikuyu. Mmbeere ataletewa kitabu kisicho na kosa hata moja, na si cha kwao.

Nimemkabidhi faili lote. Amri ninazoziona zangu anaweza kuzifuta na kuandika zake, akipenda hata kwa lugha nyingine na kihariri kingine, kwa sababu zimetimiza kazi yao. Sharti langu ni moja: zile orodha, zenye maamuzi ya wazee walioketi kwenye kiti kile kwa saa nyingi, zibaki mbalimbali, kila moja na jina la mahali ilikotoka.