Sanduku Lenye Masikio

Ukienda madukani Darajani kutafuta ruta, ndugu msomaji, huuziwi ruta, unauziwa nambari. AC1200, AX1800, AX3000. Nambari ikipanda na bei inapanda, na muuzaji huzitaja moja moja kama mtu anayehesabu nasaba ya masharifu. Ipo ya antena nne, ipo ya antena sita, na niliiona moja imekaa ndani ya kabati la kioo kama buibui aliyelala chali. Mjomba wangu aliyeko Muscat alikuwa ameleta fedha za kuifanya Wi-Fi ifike nyumba nzima, na maneno yake yalikuwa mafupi: "Wewe ndiye uliyesoma. Chagua, lakini nunueni mara moja tu."

Basi kwanza tuzivue nguo hizo nambari. Hiyo 1200 ni jumla. Megabiti 300 kwa sekunde ni za masafa ya gigahezi 2.4, na 867 ni za masafa ya gigahezi 5. Ukizijumlisha unapata 1167, mwenye kiwanda akazungusha juu. Lakini kompyuta yako kwa kawaida hushika masafa mamoja kwa wakati mmoja. Ni kama mtu mwenye daladala mbili, moja ya abiria 14 na moja ya abiria 25, akajitangaza kuwa ana daladala ya abiria 39! Isitoshe, huo ni mwendo wa juu kabisa ambao redio inaweza kuufikia mambo yote yakiwa mazuri. Hewa ni moja, na vyombo vinavyotumia chaneli moja hupokezana kusema kama watu barazani. Ukipata nusu ya kilichoandikwa, tena ukiwa karibu, shukuru.

Sisemi kuwa hakuna maendeleo. Kanuni ya kwanza ya mitandao hii, ya mwaka 1997, ilikuwa na megabiti 2 tu kwa sekunde. Mwaka 1999 zikawa 11, mwaka 2003 zikafika 54, na siku hizi huandikwa maelfu. Ila tangu 1997 mpaka leo hakuna aliyevumbua redio isiyojali ukuta.

Na kuta tunazo. Nyumba yetu ni ya Mji Mkongwe, ya mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta unene wake nusu mita na ushei. Tena vyumba vyembamba, kwa kuwa dari imebebwa na boriti za mikandaa, na boriti haivuki nafasi ya zaidi ya mita tatu hivi. Chumba chembamba maana yake kuta nyingi. Kutoka sebuleni, ambako waya wa intaneti unaingilia, mpaka chumba cha bibi nyuma ghorofani, mawimbi yakienda moja kwa moja yanapita kuta tatu. Ya gigahezi 5 yanafia ukuta wa kwanza. Ya 2.4 yanajikongoja mpaka wa pili, halafu kimya.

Hapo ndipo palipokuwa na ugomvi. Mjomba hupiga simu ya video kila Ijumaa baada ya Isha, na bibi hawezi tena kushuka ngazi zile za mawe bila ya kushikwa mikono miwili. Mama na shangazi wakakata shauri: bibi ahamishiwe chumba cha mbele, chini, karibu na ruta. Kitanda kikapimwa. Bibi akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Chumba hiki niliingia mwari, na watoto wangu wote sita nimewazalia humu. Leo mnanitoa kwa ajili ya sanduku lenye masikio?" Hakuna aliyejibu. Nami nikaona kwamba kumbe sikutumwa kununua ruta tu.

Niliazima vyombo viwili kwa wiki moja, kimoja kwa muuzaji niliyemwachia amana, kingine kwa rafiki. Wengi wetu kipimo chetu ni kimoja: unafungua programu ya kupima mwendo wa intaneti, unasoma nambari, basi. Hapo lakini unapima mambo mawili kwa pamoja, redio yako ya ndani na laini ya kampuni kutoka nje, na ikienda polepole hujui umlaumu nani. Mimi nikaitoa intaneti kabisa. Kompyuta moja nikaifunga kwa waya kwenye ruta, nyingine nikaichukua mikononi, nikawa nanakili faili moja la megabaiti 500 kutoka hii kwenda ile huku natazama saa. Sebuleni, ngazini, uani, chumba cha mama, chumba cha bibi. Kila mahali mara tatu, kwa sababu mara moja ni bahati.

Cha kwanza, kilichojiita 1200, nilikiweka mita moja tu mbele yangu. Faili lilichukua sekunde 44. Fanya hesabu: megabaiti 500 ni megabiti 4,000, na kwa mwendo wa 1200 zingepita kwa sekunde zisizofika nne. Nikakigeuza nyuma kusoma yale maandishi madogo, na jibu lilikuwa pale pale: matundu yake ya waya ni ya megabiti 100. Yaani bomba la inchi sita limefungwa kwenye bomba la nusu inchi. Jambo hili halikuandikwa popote mbele ya sanduku.

Cha pili kilikuwa ripita, kile kidude cha kuchomeka ukutani kinachodaka mawimbi na kuyarusha tena. Nilikichomeka ukumbini juu, nje ya mlango wa bibi. Simu ikaonyesha alama zote zimejaa, mama akapiga kigelegele. Nikanakili faili: dakika sita na zaidi. Hakuna muujiza. Simu ilikuwa inaisikia ripita vizuri, lakini ripita yenyewe ilikuwa haiisikii ruta, na kwa kuwa ilikuwa na redio moja tu, kila neno ililazimika kulisema mara mbili, kupokea na kutoa. Zile alama hukwambia umbali wako na jirani, hazikwambii kama jirani ana habari.

Kilichonifungua macho ni ua. Pale katikati, penye uwazi wa kuingiza mwanga, faili lilipita vizuri hata ghorofani, kwa sababu mawimbi yalipanda kwa hewani bila ya kukutana na ukuta. Basi na waya ungepanda kwa njia hiyo hiyo! Nyumba kama hii huitoboi ovyo, na bibi asingekubali hata msumari, lakini dirisha lake linaangalia uani. Nikanunua mita 20 za waya wa mtandao, nikaupandisha kandokando ya bomba la maji ya mvua mpaka dirishani kwake, na mwisho wake nikafunga ruta kuukuu iliyokuwa imelala kwenye mtoto wa meza, nikaizima kazi ya kugawa anwani ili isigombane na ile ya chini. Faili: sekunde 48. Huo ni waya, msomaji, katika nyumba isiyotaka waya.

Kwa fedha iliyobaki nilinunua ruta ya wastani ya sebuleni, antena nne, matundu ya megabiti 1,000, tena ya kampuni ambayo bado inatoa programu mpya za kuziba nyufa za usalama. Hilo ningelitanguliza kuliko antena ya tano na ya sita. Nikabadilisha neno la siri la kiwandani, nikazima na ile njia ya kuungana kwa tarakimu nane, ambayo udhaifu wake ulitangazwa tangu mwaka 2011. Nikaongeza betri ndogo ya volti 12, maana umeme hapa una mambo yake.

Bibi yuko chumbani kwake. Ijumaa ya kwanza alimwona mjomba bila ya kukwama, na neno lake la kwanza lilikuwa kumuuliza mbona amekonda. Ule waya wa dirishani kwanza aliutilia shaka, halafu akauzoea mno: juzi nimekuta ameanika kanga juu yake, doti nzima, mbichi. Nimemfungia kamba nyingine kando. Ananiambia ile ya kwanza ndiyo inayopata upepo.