Nyasi Moja, Miji Miwili

Nairobi. Mvua ndefu zikiisha, tambarare za Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi hugeuka rangi ya kutu. Rangi hiyo ni ya Themeda triandra, nyasi ya asili inayoota kwa mafungu, chakula cha pundamilia na kongoni. Masuke yake huinama, na upepo ukivuma uwanda mzima huenda kama mawimbi. Lakini kwenye vitalu vya miche kando ya barabara za mji sikuiona. Wateja huulizia ukoka na nyasi za kikuyu, zinazotambaa, zinazotaka maji na kukatwa kila mara.

Melbourne. Hapa spishi ileile huitwa nyasi ya kangaruu. Vitalu huiuza, na wakazi huipanda mbele ya nyumba na kando ya njia, kwenye jua kali na udongo usio na mbolea. Sehemu kubwa ya mbuga za nyasi magharibi mwa mji imemezwa na mashamba na majengo, kwa hiyo kila fungu linalopandwa lina thamani. Nyasi ya kikuyu nayo imefika huku kutoka nyanda za juu za Afrika Mashariki; inapotoroka bustanini huvamia mimea ya asili, na watunza mazingira wanahangaika kuing'oa.

Matunzo. Katika hili miji yote miwili ina sheria moja. Themeda isipoliwa, isipochomwa wala kufyekwa kwa miaka kadhaa, majani makavu huziba mwanga na fungu hufa. Mbugani wanyama na moto hufanya kazi hiyo. Bustanini fyekeo latosha. Mbegu mbichi hazioti upesi, hivyo zihifadhiwe pakavu kwa miezi kadhaa kabla ya kusiwa. Kila mbegu ina unywele mrefu unaojisokotoa ukilowa na kujisokota ukikauka, na kwa msokoto huo mbegu hujichimbia ardhini.

Melbourne inalipa fedha kupata uzuri ambao Nairobi inaufyeka kupisha majengo na ukoka. Mwenye kiwanja Kitengela au Athi River, kabla hujaleta trekta, kagua kinachoota hapo. Acha mafungu machache yasimame, kusanya mbegu zake, uzisie mvua za Machi zikianza. Bustani itakayotoka hapo itastahimili kiangazi bila mpira wa maji.