Mlangilangi wa Bibi

Nilipoacha chuo mwaka wa tatu sikumwambia mtu. Karo ilikuwa imenishinda mihula miwili mfululizo. Nikapanda basi la usiku kutoka Nairobi hadi Mombasa, nikamwambia Bibi tumefunga. Hakuuliza kitu. Alinipa chai, kisha akanipa msumeno.

"Ukate mlangilangi kichwa."

Mti ulikuwa na miaka mitatu, umeshapita paa. Ndio kwanza unaanza kuchanua, ati tuukate? Bibi akanieleza: mlangilangi ukiuachia unapanda mita 10 na zaidi, na maua yote yanabaki huko juu, yakafaidiwe na kunguru. Ukiukata kimo cha mtu, unatanua matawi. Hayo matawi unayainamisha, unayafunga kamba, mpaka mkono uyafikie. Baadaye nilisoma kwamba hata Komoro, wanakoyapika maua kwa mvuke yatoe mafuta ya manukato, miti mashambani hukatwa vivyo hivyo.

Nikakata. Kikabaki kisiki chenye matawi manne, kibaya kukitazama. Kila asubuhi nilikimwagilia, halafu naingia ndani kuandika vijimakala vya watu kwenye simu. Niliogopa nimeua mti. Niliogopa zaidi mkono wa Bibi wa kushoto, ulio mtupu. Bangili yake ya dhahabu ndiyo iliyolipa karo yangu ya mwaka wa kwanza.

Machipukizi yalitoka, kisha maua. Bibi akanifunza kuchuma alfajiri, kabla jua halijaivuruga harufu. Ua la kijani usiliguse, bado. Subiri liwe manjano, na ndani kwenye kitako cha petali uone wekundu kidogo.

Alfajiri moja tulikuwa barazani tukifunga vikuba vya harusi, asumini, mrehani na langilangi. Akauliza bila kuinua macho, "Na chuo kinafunguliwa lini?"

Nikamwambia yote. Uzi ukanidondoka.

"Nilijua. Likizo gani hii ya miezi saba?"

Nikaanza kulia. Aliniacha nilie, akamaliza kikuba alichoshika, akakiweka kwenye sinia.

"Ile bangili utanilipa," akasema. "Okota uzi, watu wa harusi wanakuja saa mbili."

Namlipa, kidogo kidogo, kwa M-Pesa. Kila pesa ikiingia hupiga simu kuhakikisha ni mimi, halafu ananiambia mlangilangi umetoa mangapi asubuhi hiyo. Nikilipwa kwa haya uliyoyasoma, atapiga tena.