Ukifika Diani, tazama sakafu ya jikoni

Huenda nawe ni miongoni mwa wale ambao hushuka pwani ya kusini kila shule zinapofungwa. Ukivuka Likoni kwa feri, au ukizunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, utapita Waa na Tiwi, na kabla watoto hawajauliza mara ya tatu kama mmefika, mtakuwa Ukunda. Macho ya wageni hukimbilia baharini. Leo nakuomba uyashushe hadi kwenye sakafu ya jikoni mwa nyumba uliyokodi. Familia nyingi hurudi Nairobi au Nakuru zikiwa na hamu ya kukarabati jiko, nazo huchagua sakafu kwa kuangalia inavyong'aa. Kwale ni mahali pazuri pa kujifunza kuchagua kwa njia nyingine.

Neno sakafu lenyewe lina historia yake. Asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni paa au dari. Waswahili wa kale waliojenga nyumba za ghorofa walilaza boriti za mikoko, wakapanga mawe ya matumbawe juu yake, wakamwaga chokaa, kisha watu wengi wakaipondaponda kwa vijiti huku wakiimba hadi ikashikana. Kwa aliyekaa chini hiyo ilikuwa paa, na kwa aliyekaa juu ilikuwa sakafu. Ukitaka kuona jinsi chokaa na matumbawe yanavyodumu, nenda Msikiti wa Kongo, pale Mto Mwachema unapoingia baharini, katikati ya mibuyu. Watu wangali wanaswali humo, kwa hivyo vaa mavazi ya heshima.

Tuingie jikoni sasa. Kuanzia Gazi hadi Msambweni, katika nyumba nyingi za Wadigo jiko huwa kando ya nyumba kubwa. Hapo nazi hukunwa kwa mbuzi, tui hukamuliwa, samaki huparwa magamba, na kinu husimamishwa katikati. Tui lina mafuta. Maji ya samaki yana utelezi. Mchanga huingia na kila mguu na kukwaruza chochote kilicholainishwa. Kaa la moto nalo huruka kutoka kwenye jiko bila kuomba ruhusa. Sakafu inayostahimili hayo yote itastahimili jiko lako la Buruburu pia.

Katika nyumba moja ya Msambweni nilimkuta mama mmoja mzee ambaye watoto wake wamemjengea jiko la kisasa, lenye vigae vyeupe vinavyong'aa kama kioo. Yeye alikuwa nje, amekaa kwenye mbuzi, anakuna nazi. Nilipomwuliza sababu, alicheka. "Mwanangu, mle ndani mimi hupaangalia tu," aliniambia. "Siku ya kwanza tui lilimwagika, nikateleza, lau si mlango ningeanguka. Hapa nje mguu wangu hapadanganyi." Watoto walidhani wanamjengea jiko, kumbe wamemjengea sebule ya kuonyesha wageni. Na kwa mtu wa umri wake, kuvunjika nyonga si ugonjwa wa wiki moja.

Hata hivyo, usidhani kwamba nasifu sakafu ya udongo. Ingawa haitelezi, na wanawake wa huku hujua kuikandika ikawa laini na safi, vumbi lake huwapa funza mahali pa kuzaliana, na mayai ya minyoo hukaa humo bila kuoshwa. Katika miaka hii ya 2020, watafiti wakiwemo wa KEMRI wamekuwa wakiwajengea watu wa Kwale na Bungoma sakafu za saruji za bei nafuu ili kupima kama zitapunguza magonjwa ya tumbo, minyoo na funza. Yaani tunachotafuta ni sakafu inayooshika, lakini isiyomwangusha nyanya.

Wageni wengi huvutiwa na mawe. Yale ya matumbawe yanayochimbwa sehemu za Tiwi na Diani yanapendeza ukutani, lakini chini ya miguu jikoni yana udhaifu. Yana vinyweleo vinavyonywa mafuta, tena kwa asili ni chokaa, kwa hivyo ndimu, siki au ukwaju ukimwagika huyala. Marumaru nayo ina udhaifu huo wa ndimu, hata ikiuzwa kwa bei ya dhahabu. Mawe ya Mazeras, kutoka ule mji wa barabara ya Nairobi ulio karibu na mpaka wa Kwale na Kilifi, ni ya mchanga ulioshikamana tangu zama za kale. Hayatelezi upesi, ndiyo maana utayaona yamelazwa kwenye baraza na kandokando ya mabwawa ya kuogelea. Mimi ningeyaweka kwenye jiko la nje bila kusita. Kwa jiko la ndani ningedai yaliyokatwa kingo zilizonyooka na kupakwa dawa ya kuziba vinyweleo, maana mafuta yakikaa kwenye mianya, mende hawahitaji kualikwa.

Nazo vigae? Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kuanzia mwaka 2013 hadi mwisho wa 2024, kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga mwekundu wa Kwale na kutoa madini, likiwemo zirkoni, yakasafirishwa ng'ambo kupitia Mombasa. Zirkoni hutumiwa sana na viwanda vya vigae kuupa uso wa kigae ule weupe wake. Basi huenda kigae ulichonunua kikiwa kimetoka Uchina kina punje za Kwale ndani yake! Tatizo la vigae, kwa hivyo, si ugeni. Tatizo ni mng'ao. Chukua vile visivyong'aa, vyenye uso wa kukwaruza kidogo, na ikiwezekana vidogo, kwa kuwa mianya mingi huupa mguu mahali pa kushika. Fundi akimaliza, gonga kila kimoja kwa sarafu. Kinachotoa sauti ya uwazi kitapasuka siku kinu kitakapowekwa juu yake.

Mwenye mfuko mwepesi asione haya kuchagua saruji. Sakafu nyekundu iliyopigwa niru vizuri hudumu miaka mingi. Fundi atandike nailoni chini kuzuia unyevu, atumie mchanga wa mto, kwani wa ufuoni una chumvi itakayochanua juu kama unga, na sakafu imwagiwe maji siku saba ili isipasuke. Ile rangi ya kung'arishia iishie sebuleni.

Siku ya kwenda dukani Ukunda, beba ndimu moja na kichupa cha mafuta ya kupikia. Tone la ndimu likitoa povu juu ya jiwe, hilo ni la chokaa. Kwenye kigae, mwaga maji na mafuta kidogo, vua viatu, shikilia meza na ukanyage. Muuzaji akicheka, mwache acheke.