Kinu cha Jirani: Kompyuta Ilipogoma Kupanga Uzito wa Watoto (Sehemu ya 9)



Sehemu ya 8 tuliongea kuhusu kadi ya kliniki. Wengi mkaniuliza, zile kilo mnazoandika huwa zinaenda wapi? Leo nawajibu, na jibu litatupeleka mpaka ndani ya kompyuta. Vumilieni kidogo, mtaona inavyomgusa mtoto wako.

Kilo peke yake haisemi kitu. Kilo 7 kwa mvulana wa miezi 4 ni nzuri kabisa, yuko katikati. Kilo 7 hizo hizo kwa msichana wa mwaka mmoja ni habari nyingine. Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya ukuaji mwaka 2006, baada ya kupima watoto waliolelewa vizuri na kunyonyeshwa katika nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Kwa viwango hivyo msichana wa miezi 12 wa katikati ana kilo 8.9. Akiwa na kilo 7.0 yuko mpakani mwa hasi 2, na chini ya hapo tunamwita ana uzito pungufu. Kilo 6.3 ni mpaka wa hasi 3, hapo tunaogopa.

Mtoto mmoja unamtafuta kwenye jedwali, dakika moja umemaliza. Lakini siku ya SALIKI, ile Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ya kila robo mwaka, wanakuja watoto mamia. Kila mmoja ana umri wake, kilo zake na urefu wake. Hapo tunatumia programu. Sisi tulikuwa na R, programu ya takwimu ya bure, pamoja na kifurushi kiitwacho anthro, kilichotengenezwa na Shirika la Afya Duniani lenyewe. Unaingiza namba, inakutolea orodha ya nani yuko salama na nani afuatwe nyumbani.

Sasa robo moja nilikuwa upande wa Kibondo, kijiji cha mbali, mvua za Novemba zimeshaanza. Tumepima kutwa nzima. Orodha ilitakiwa asubuhi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii waanze kupita kaya kwa kaya kabla barabara haijawa tope tupu. Laptopu tuliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani, na vifurushi vilikuwa vimenakiliwa kwa flashi kutoka kompyuta nyingine mpya zaidi, maana bando la kupakua vyote halikuwepo.

Tukafungua R, ikafunguka. Tukaita anthro, ikagoma. Maneno mengi ya Kiingereza, halafu katikati jina la ajabu: libgfortran.so.5, na mwishoni inasema hakuna faili kama hilo.

Mwenzetu mmoja akasema data zimeharibika, tuingize upya. Mwingine akasema kompyuta imekufa. Nikampigia kijana wa dada yangu, amesoma mambo haya chuoni Dodoma.

"Mama mdogo, nisomee kilichoandikwa, neno kwa neno. Usinifupishie."

Nikamsomea. Akacheka. "Data zako hazina shida. Programu imeenda kuazima kinu kwa jirani, ikakuta hakipo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Si unajua vijijini kwetu si kila kaya ina kinu? Mihogo ni yako, mchi ni wako, lakini kutwanga unakwenda kwa mama fulani. Programu za kompyuta zinaishi hivyo hivyo. Badala ya kila moja kubeba kila kitu chake, zinaazima mafaili ya pamoja yaliyomo kwenye mashine, yanayoitwa maktaba za pamoja. Hii libgfortran ni kinu cha Fortran, lugha ya hesabu iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957. Mahesabu mengi makubwa mpaka leo bado yanatwangwa humo chini chini, hata kama wewe juu unaona programu ya kisasa.

Akanipa amri fupi ya kuandika, ldd, inayotaja kila kitu ambacho faili linaazima. Mistari ikashuka. Karibu kila mmoja una anwani mbele yake, isipokuwa huo wa libgfortran.so.5: haikupatikana. Yaani mashine yenyewe ilikuwa inatuonyesha kwa kidole!

Sasa tazama hiyo 5 mwishoni. Laptopu yetu ilikuwa na Ubuntu ya mwaka 2018, na humo ndani kulikuwa na libgfortran.so.4. Kinu kilikuwepo, ila si kile kilichoombwa. Vile vifurushi vya flashi vilitengenezwa kwenye mashine yenye namba 5.

Mwenzetu akapata ushauri mtandaoni: chukua hiyo namba 4, ibandike jina la namba 5, itapita tu. Nikasema hapana. Mama zangu, hiyo ni sawa na kuchukua kadi ya kaka mtu, kufuta jina na kuandika la mdogo wake. Mlangoni utapita. Lakini chanjo zilizoandikwa humo si za mtoto huyu. Kijana akaniunga mkono: namba ikibadilika maana yake vitu vya ndani vimebadilika. Programu inaweza kuanguka katikati ya kazi, au mbaya zaidi, ikatoa jibu lisilo sahihi bila kusema kitu. Programu inayogoma kwa sauti ni afadhali mara mia kuliko inayodanganya kimya kimya kuhusu uzito wa mtoto.

Dawa yake ilikuwa ndogo. Kifurushi cha libgfortran5 kipo kwenye hazina rasmi ya Ubuntu hiyo hiyo, unakisakinisha na kinakaa pamoja na namba 4 bila ugomvi. Tukawasha intaneti ya simu, tukapanda mahali penye mtandao, ikashuka. Tukaita anthro, ikaitika.

Lakini hatukukimbilia orodha. Kwanza tukaipa mtihani ambao jibu tunalo: msichana wa miezi 12, kilo 8.9. Ikajibu karibu na 0. Kilo 7.0, karibu na hasi 2. Kilo 6.3, karibu na hasi 3. Hapo ndipo tukaiamini.

Je, watoto walisubiri kompyuta? Hapana. Utepe wa mkono hauhitaji umeme. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano, 12.5 kwenda juu ni kijani. Wa nyekundu, na yeyote aliyevimba miguu yote miwili, walipewa rufaa siku ile ile. Hilo halisubiri mtu.

Ila utepe hauoni wote. Wapo watoto ambao mkono unasoma kijani, lakini ukilinganisha uzito na urefu wao wamekonda. Orodha ilipotoka usiku ule walikuwemo wa namna hiyo, mmoja mtoto wa miaka mitatu aliyekuwa akirukaruka pale uwanjani, mama yake ameshaambiwa utepe ni kijani. Asubuhi mhudumu akabisha hodi kwake. Bila orodha, tungeonana naye robo inayofuata.

Kwa wenye watoto vyuoni wanaotumia R, au Python na NumPy, wakutane na "haikupatikana" ya namna hii: wasome jina la faili na namba yake, wasakinishe kutoka chanzo rasmi, kisha wajaribu hesabu wanayojua jibu lake. Kwenye Windows jina huishia na .dll. Jamani, msipakue hizo kwenye tovuti msizozijua, wengine wanaziweka na virusi ndani.

Na kwako mama: ukiwa kliniki, iwe Kasulu mjini au kijijini Kibondo, usiridhike na kilo tu. Uliza, "Nesi, na urefu je?" Ni haki ya mtoto wako.

Sehemu ya 10: uji wa mtoto wa miezi sita, na kwa nini muhogo peke yake hautoshi. Usiku mwema.