Kuuza Nusu

Shangazi yangu anayeishi Nairobi alinunua hisa za Safaricom mwaka 2008, zilipouzwa kwa umma kwa mara ya kwanza kwa shilingi 5 za Kenya kila moja. Mwaka 2021 bei ilikaribia 45. Hapa Kampala kila mtu nyumbani akageuka mshauri. Baba alisema angoje zifike 50. Mama alisema auze zote upesi, kwani faida aliyokwisha kupata ilitosha.

Hoja zote mbili hazikuniridhisha. Kilele hakuna aliyekijua, na ile shilingi 5 ya zamani haikuwa na la kutuambia kuhusu kesho. Shangazi hakubishana. Alijiuliza jambo moja: kama leo angekuwa na fedha hizo mkononi, angenunua hisa zile zile kwa 40? Angenunua, akasema, ila si kwa fedha zote, maana karo yangu ya chuo kikuu ilikuwa mlangoni. Akampigia dalali wake wa hisa, akauza nusu kwa 40. Nusu hiyo peke yake ilirudisha mtaji wote mara nne.

Mwaka 2023 bei ilishuka chini ya 15. Baba humwita shangazi mwenye bahati. Mimi sikubali: karo ingelipwa hata kama bei ingepanda hadi 60. Nusu iliyobaki bado anayo, na gawio likija hunitumia kidogo. La mwisho nililinunulia kamusi.